Kilomita 240 kwa siku, sauti sikioni

NI saa kumi na moja na nusu alfajiri mjini Lodwar. Jua halijachomoza lakini joto limekwisha kuamka. Makanga anapiga ubavu wa gari kwa kiganja akiita, "Kakuma, Kakuma, wawili tu twende!" ilhali ndani tumo watu watano pekee, na kila msafiri anajua kwamba hao wawili watapatikana baada ya nusu saa.

Mwanamke mmoja anapanda, anakaa dirishani, anafungua mkoba na kutoa zile nyaya ambazo vijana huziita iafoni. Anazichomeka masikioni. Kuanzia hapo hana habari tena na makanga, wala na jirani yake, wala na mbuzi aliyefungwa juu ya gari ambaye atalia hadi mwisho wa safari.

Mwanamke huyo, msomaji mpendwa, ni mimi.

Mwaka 2025 nilikaa miezi kadhaa Lodwar kwa dada yangu nikiandika habari za Kakuma. Dada ana nyumba, ana tangi la maji, na alikubali kunisaidia kumwangalia mwanangu wa miaka minane. Kakuma sikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Ikabidi niwe mtu wa kwenda na kurudi kila siku ya kazi.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita 120 hivi. Kwenda na kurudi ni 240. Gari likienda vizuri, na si kila siku huenda vizuri, hizo ni saa mbili asubuhi na saa mbili jioni. Piga hesabu mwenyewe: saa 20 kwa wiki, mtu ameketi tu, magoti yake yakigusana na ya jirani.

Utafanya nini na saa 20? Kusoma kitabu ndani ya gari kunanitia kichefuchefu. Usingizi ni mtamu lakini shingo ndiyo hulipa deni. Ndipo nikaingia katika ulevi wa podikasti.

REDIO ISIYONGOJA SAA

Kwa wazazi ambao neno hilo bado ni geni, podikasti ni kipindi cha sauti kama kile cha redio, ila hakina saa maalumu ya kurushwa hewani. Kinawekwa kwenye intaneti, nawe unakipakua kwa simu na kukisikiliza upendapo. Unaweza kukisimamisha ukashuka kununua chai, kisha ukarudi na kumkuta mtangazaji anakusubiri pale pale ulipomwacha. Ukijiandikisha, toleo jipya huja lenyewe simuni, kama gazeti linavyoachwa mlangoni.

Jina lilizuliwa na mwandishi wa Uingereza, Ben Hammersley, katika gazeti la Guardian mnamo Februari 2004. Aliunganisha jina la iPod, kile kisanduku kidogo cha muziki cha kampuni ya Apple, na neno la Kiingereza la utangazaji. iPod haitengenezwi tena tangu 2022, lakini jina limebaki, kama mtaa unavyobaki na jina la tajiri aliyehama zamani.

Kwetu huku mambo hayakuchelewa sana. Adelle Onyango, ambaye Wakenya wengi walimzoea redioni, alianzisha Legally Clueless mwaka 2019. Tanzania kuna Salama Jabir na kipindi chake cha mahojiano, Salama Na. Idhaa kongwe za Kiswahili za ng'ambo nazo, BBC iliyoanza 1957 na Deutsche Welle iliyoanza 1963, huweka vipindi vyao mtandaoni ili aliyekosa saa ya matangazo asikie baadaye.

Yote hayo ni mazuri. Lakini podikasti zilikulia katika miji ambapo mtu hupanda treni asubuhi bila kumsalimu aliye kando yake, na hakuna anayeona ajabu. Barabara ya Kakuma si treni ya London, na hilo nilikuja kulijua kwa aibu.

LAMI NA WAYA

Kwanza niizungumzie barabara yenyewe, kwa sababu bila hiyo nisingekuwa na cha kusimulia.

Miaka ya 1980 barabara ya kutoka Kitale hadi Lodwar ilijengwa kwa msaada wa Norway. Mwaka 1990 Kenya na Norway zilipovunja uhusiano wa kibalozi, msaada wa nchi hiyo ukakatika, na kilichofuata ni jua, mvua na malori. Lami ya Turkana ikaanza kumeguka kama kaukau. Madereva waliofanya kazi kaskazini mwa Lodwar miaka hiyo watakueleza jinsi walivyoiacha lami na kupita kando yake mchangani, kwa kuwa mchanga ulikuwa na huruma zaidi. Safari ninayoilalamikia mimi kuwa ni saa mbili, kwao ilikuwa nusu siku, na gari likizama katika laga la mchanga, siku nzima.

Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa kuijenga upya barabara ya kutoka Lokichar hadi mpaka wa Sudan Kusini kule Nadapal. Jambo ambalo wasafiri wengi hawalijui ni kwamba mradi huo huo ulikuwa na sehemu ya pili: waya wa faiba wa intaneti, ufukiwe kando ya barabara kutoka Eldoret hadi mpakani. Kwa maneno mengine, lami iliyonifupishia safari na intaneti ya kuniletea sauti safarini zilipangwa katika mkoba mmoja.

Hata hivyo usijidanganye kwamba utasikiliza moja kwa moja ukiwa njiani. Ukishaacha mikoma ya mto Turkwel nyuma yako, mtandao wa simu huanza kukonda. Kuna sehemu ndefu ambapo simu hukwambia waziwazi kwamba haina mtandao, na huko nje hakuna kitu ila vichaka vya mathenge, mbuzi, na ngamia wanaovuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto.

Kwa hivyo siri ni kupakua usiku. Nilijifunza hesabu hii na naiandika hapa kwa ajili ya wanafunzi wanaohesabu kila shilingi ya bando. Kipindi cha saa moja kilichorekodiwa kwa ubora wa kawaida wa mazungumzo hula megabaiti 30 hivi. Kikiwa cha ubora wa juu, wenye muziki mzuri na mapambo, hufikia 60. Video ya saa moja hula mamia. Maana yake ni kwamba bando linaloisha kwa jioni moja ya kutazama vichekesho lingeweza kukusafirisha wiki nzima kwa masikio. Zipo programu za bure za kupakulia, kama AntennaPod kwa simu za Android, na unaweza kuiamuru ipakue tu unapokuwa kwenye Wi-Fi ya chuo au ya ofisi. Google nao walikuwa na yao, lakini waliifunga mwaka 2024, kwa hivyo ukiiona kwenye simu ya zamani usipoteze muda.

Na tuseme ukweli: nilifaidika. Katika miezi ile nilijua historia ya Sudan Kusini kuliko nilivyojua baada ya stashahada yangu yote ya uandishi. Nilisikia mahojiano ya wanawake waliofungua biashara, ya madaktari, ya wachezaji mpira. Nilimjua vizuri zaidi Awer Mabil, kijana aliyezaliwa Kakuma mwaka 1995 na ambaye mwaka 2022 alifunga penalti wakati Australia ilipoitoa Peru na kupata tiketi ya Kombe la Dunia. Nilimsikiliza huku nikipita karibu na vumbi lile lile alilochezea mpira. Nilijiona mtu mwenye bahati.

SIKU NILIYOITIKIA KWA KICHWA

Wasomaji wanaofuata habari watakumbuka kwamba mwaka 2025 mambo yalikuwa magumu Kakuma. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikosa fedha na kupunguza mgao, kisha ukaja utaratibu wa kuzigawa familia katika makundi kulingana na uhitaji wao, wengine wakipata zaidi, wengine kidogo, na wengine wakiambiwa kwamba wanaweza kujitegemea. Katika makazi ya karibu watu laki tatu, ukijumlisha kambi ya Kakuma na makazi ya Kalobeyei, hilo si tangazo la kupita hivi hivi.

Asubuhi moja ya majira hayo gari letu lilijaa mapema. Kando yangu aliketi mwanamume wa makamo kutoka Sudan Kusini. Kama ilivyo kwa wakimbizi, alihitaji kibali cha kutoka kambini, naye alikuwa amekipata ili kwenda hospitali Lodwar, sasa anarejea. Nilimsalimu, nikachomeka nyaya zangu. Kipindi changu cha siku hiyo kilikuwa cha wanahabari. Mada, amini usiamini, ilikuwa namna ya kuwasikiliza watu unaowahoji.

Nakumbuka kwamba watu walizungumza sana, kwa sababu niliongeza sauti mara mbili. Nakumbuka pia kwamba mara moja au mbili jirani yangu alinigeukia akasema kitu, nami nikaitikia kwa kichwa, kwa adabu, na kutabasamu.

Tuliposhuka Kakuma, nilimkuta mhariri wangu amenipigia simu mara nne. Alitaka kujua watu wanasemaje kuhusu makundi yale ya mgao. Nikageuka huku na huku nikitafuta wa kumwuliza, na wa kwanza kumwona alikuwa yule jirani yangu akishusha mfuko wake. Nikamkimbilia na daftari mkononi.

Alinitazama kwa muda. Hakukasirika, na nadhani ningependa angekasirika.

"Dada," alisema kwa Kiswahili safi, "tumekueleza tangu Lodwar. Makanga alituambia wewe ni wa gazeti. Kila mtu alisema lake, mama yule pale hata alilia. Wewe ulikuwa unaitikia, tukafikiri unaandika kichwani."

Ningemweleza nini? Aliyafika Kakuma mwenyewe akiwa mvulana mwaka 1992, pamoja na maelfu ya wavulana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan hadi Ethiopia na kutoka Ethiopia kurudi Sudan na hatimaye Kenya. Safari ile ndiyo iliyoanzisha kambi. Tangu wakati huo, aliniambia baadaye, amehojiwa na watu wengi kutoka nchi nyingi, wengine wakiwa na vinasa sauti vikubwa kama paka. Huenda sauti yake imo katika podikasti fulani ambayo watu wa mbali wanaisikiliza wakienda kazini. Mimi nilikuwa nimeketi naye, goti kwa goti, kwa kilomita 120.

Alinirudia habari yote tukiwa tumesimama juani. Nami niliandika. Lakini yule mama aliyelia alikuwa amekwisha kupanda bodaboda na kwenda zake, na sikumpata tena.

MLIO USIOZIMIKA

Kana kwamba hiyo haikutosha, wiki chache baadaye nilianza kusikia mlio katika sikio la kushoto, lile la upande wa dirisha. Mlio mwembamba, kama wa mbu asiyetua. Mchana haukunisumbua. Usiku, nyumba ikitulia, ulikuwa unaimba peke yake.

Nilikwenda kliniki. Mhudumu aliyenipima aliuliza swali moja tu: "Unasikiliza kwa sauti ya kiasi gani ndani ya gari?" Nilipomwonyesha kwenye simu, alitikisa kichwa.

Alinieleza hivi, na wazazi wenye watoto wa sekondari wanisikilize vizuri. Ndani kabisa ya sikio mna chembe zenye vinyweleo vidogo mno vinavyoyapokea mawimbi ya sauti na kuyapeleka kwenye ubongo. Sauti kali huvichosha. Vikichoka kidogo hupumzika na kupona. Vikifa havioti tena, si kwa dawa wala kwa maombi.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa. Kwa mtoto ni desibeli 75 kwa muda huo huo. Ikipanda hadi 90, saa zinazoruhusiwa hushuka hadi nne tu kwa wiki nzima. Nne! Mimi nilikuwa na 20. Na gari la Kakuma, madirisha wazi kwa sababu ya joto, upepo ukivuma na injini ikinguruma, humlazimisha mtu kupandisha sauti ili amshinde upepo. Hapo ndipo pana hatari, kwa sababu unadhani unasikiliza kwa kiasi kumbe unashindana na lori. Shirika hilo linakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni moja wa kati ya miaka 12 na 35 duniani wamo katika hatari ya kupoteza uwezo wa kusikia kwa starehe za namna hii.

Ushauri wake ulikuwa mfupi: nisipite asilimia 60 ya uwezo wa simu, na kama kwa kiasi hicho simsikii mtangazaji, basi mahali hapo si pa kusikilizia. Nilifuata. Mlio ulipungua baada ya siku kadhaa, ingawa hadi leo hunitembelea nikichoka.

Kwa asilimia 60, ndani ya gari lile, nilisikia nusu ya kipindi. Nusu nyingine nilianza kusikia gari.

FLASHI YA DEREVA

Dereva wetu, mtu mzima mwenye mvi na kofia ya sufu hata katika joto la nyuzi 38, alikuwa ameendesha malori barabara hii tangu ujana wake. Alinichekea siku alipoona nimezivua nyaya.

"Zamani, dada, mtu asingefunga masikio hapa," alisema. Akaanza kunieleza enzi za misafara, magari yakisindikizwa na polisi kwa kuhofia majambazi, na jinsi abiria wa nyuma walivyokuwa masikio ya dereva: tairi likitoa mlio wa ajabu, risasi ikisikika mbali, maji yakinguruma katika laga ambalo dakika moja iliyopita lilikuwa kavu. Leo kuna utulivu zaidi, lakini laga ni lile lile. Mvua hunyesha milimani, hapa jua kali, na maji hufika bila kubisha hodi.

Redio moja, alisema, ilitosha lori zima. Jumapili kila mtu alinyamaza kumsikiliza Leonard Mambo Mbotela na Je, Huu ni Uungwana?, kipindi kilichoanza mwaka 1966. Mbotela alipoaga dunia Februari 2025, dereva huyu alisimamisha gari kando ya barabara aisikie taarifa yote. Kipindi kikiisha, watu walibishana hadi Lokichoggio kama ni uungwana au si uungwana.

Hapo nikapata wazo. Redio ya gari lake ina tundu la flashi, ambayo yeye huijaza nyimbo. Usiku ule nilipakua mfululizo wa michezo ya redio ya Deutsche Welle uitwao Noa Bongo, Jenga Maisha Yako, ulioanzishwa mwaka 2008 kwa ajili ya vijana wa Afrika, nikautia kwenye flashi. Asubuhi nikampa.

Sikutarajia mengi. Dakika tano za kwanza makanga alilalamika kwamba anataka nyimbo zake. Dakika ya kumi alikuwa ameacha kuning'inia mlangoni, ameingiza kichwa ndani ili asikie. Kipande kilipokwisha, mwanamke mmoja wa Kikongo aliyekuwa na vitambaa vya kuuza alimtetea msichana wa mchezo. Mwalimu mmoja wa kiume akampinga. Mwanafunzi wa chuo kikuu kishiriki cha Turkana akasema wote wawili wamekosea. Gari zima likagawanyika, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kusafiri, sikuona tulifikaje Kakuma.

Sisemi kwamba iafoni zitupwe. Kuna siku mwanafunzi ana mtihani na anataka kumsikia mwalimu wake bila kelele za mbuzi. Kuna siku mtu ametoka kazini na hana nguvu ya mazungumzo, hasa kazi za Kakuma ambazo humwonyesha mtu shida za wengine kutwa. Ana haki ya kujifunika. Lakini sauti ya spika ya gari, kwa kiasi cha ustaarabu, na kwa lugha ambayo wengi wanaielewa, ilifanya kitu ambacho simu yangu haikufanya kwa miezi mitatu.

LUGHA YA NYANYA

Wakati wa likizo nilikwenda na mwanangu siku moja. Nilimpa upande mmoja wa iafoni, nami nikabaki na mwingine, sauti ikiwa chini. Tulikuwa na hadithi ya watoto ya simba na sungura. Katikati ya safari akautoa upande wake na kunivuta mkono.

"Mama, nyanya huyu anasema nini?"

Nyanya mwenyewe, mwenye shanga hadi kidevuni, alikuwa akizungumza Kiturkana na binti aliyeketi naye. Dereva alikuwa ameshafungua redio ya Ata Nayeche FM, redio ya jamii ya huko Kalobeyei, kwa kuwa tulikuwa tunakaribia Kakuma. Jina la redio ndilo lililomfungua mdomo. Ata ni nyanya kwa Kiturkana. Basi nyanya alikuwa akimweleza binti, kama vile alivyoelezwa naye, habari ya nyanya wa nyanya zote.

Yule mwanafunzi wa chuo alitutafsiria. Kwamba Nayeche alitoka Karamoja kuchuma matunda ya mwitu, akaenda mbali mpaka akapotelea huku. Kwamba fahali wa kijivu, Engiro, alipotea kwa Wajie, na vijana wakafuata nyayo zake hadi wakamkuta pamoja na yule mwanamke mzee, mahali penye maji na majani. Wakarudi kwao kuwaambia wenzao. Wakaja na mifugo. Ndipo Waturkana walipoanzia.

Mwanangu alisikiliza mdomo wazi. Kisha akaniuliza swali ambalo watoto huuliza bila kujua uzito wake: hadithi hiyo naweza kuipata kwenye simu?

Niliitafuta usiku ule. Kwa Kiingereza nilipata wasomi wakiichambua. Kwa Kiswahili, kidogo. Sauti ya nyanya mwenyewe, kwa lugha yake, ya kupakua na kusikiliza garini, sikuipata. Podikasti zinazoitaja Kakuma si haba, lakini nyingi nilizozikuta zimetengenezwa kwa ajili ya sikio la mtu aliye mbali. Wanazungumziwa watu wa gari letu, hawazungumzishwi. Na katika gari lile, kwa siku moja, nilihesabu lugha saba: Kiturkana, Kiswahili, Kiingereza, Kidinka, Kisomali, Kiarabu na Kifaransa cha Wakongo.

Kurekodi hakuhitaji studio. Simu ya kawaida ina kinasa sauti. Kinachohitajika ni mahali pasipo upepo, ruhusa ya msemaji, na mtu wa kuketi na kusubiri wazee wamalize, maana hadithi za wazee huanzia mbali. Wanafunzi wa Lodwar na vijana wa Kakuma wana simu, na wengine wana ujuzi kunishinda.

Nilimtafuta yule nyanya kupitia kwa mwanafunzi. Tuliketi chini ya mti, gari likiwa limezimwa, na kwanza akaniuliza sauti yake itapelekwa wapi. Nikamwambia: ndani ya gari hili, kwanza. Baadaye tutakuuliza tena. Akacheka, akakubali. Dakika kumi na moja. Mara mbili mbuzi aliingilia kati, na sikumfuta.

Jumatatu nikampa dereva flashi. Tulikuwa tumeondoka Lodwar, watu kumi na wanne. Nyanya akaanza kusema kutoka kwenye spika, na mwanafunzi akawa anatafsiri kwa Kiswahili kipande kwa kipande. Yule mwanamke wa vitambaa aliacha kuhesabu pesa zake. Fahali alikuwa bado hajapatikana tulipofika njia panda ya Lokitaung, ambapo familia moja ilikuwa ikingoja kando ya barabara, baba, mama na watoto watatu, na jerikeni mbili.

Walipanda, wakasukumana, wakapata pa kukaa. Mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti kwa dereva:

"Rudisha mwanzo, wewe! Kuna wageni."